Swichi Nazo Huchagua Nahodha: Wito kwa Wanafunzi wa Kiswahili

Aghalabu husikika kauli kwamba Kiswahili hakikidhi mahitaji ya sayansi na teknolojia. Nasi wanafunzi wa lugha hujibu kwa hamaki, tukitaja wingi wa istilahi zilizokwisha kubuniwa. Kwa maoni yangu, jibu hilo halitoshi. Istilahi faafu hubuniwa na yule aliyeelewa kwanza jinsi kitu kinavyofanya kazi. Hebu tuchukue mfano wa kifaa kinachofichwa kabatini katika ofisi na maktaba nyingi: swichi ya mtandao.

Swichi hii huunganisha tarakilishi kwa nyaya na kupitisha data kutoka moja hadi nyingine. Milango ya swichi moja isipotosha, swichi kadhaa huunganishwa kwa nyaya maalumu zikawa rundo, nalo rundo husimamiwa kana kwamba ni swichi moja. Catalyst 3750, iliyoletwa sokoni na kampuni ya Cisco mwaka 2003, iliruhusu hadi swichi 9 katika rundo moja. Hata hivyo, rundo lahitaji msimamizi. Je, hupatikanaje?

Hupatikana kwa uchaguzi. Swichi ambayo tayari inasimamia huendelea na wadhifa wake. Isipokuwapo, hutazamwa kipaumbele, yaani nambari kati ya 1 na 15 ambayo fundi huipa kila swichi. Yenye nambari kubwa zaidi hushinda. Zikilingana, na vigezo vingine visipozitenganisha, ushindi huiendea swichi yenye anwani ya MAC iliyo ndogo zaidi. Anwani hiyo hutiwa kiwandani. Kwa kuwa kila swichi huanza na kipaumbele cha 1, fundi asiyepanga lolote huwa ameuachia uamuzi nambari isiyojua chochote kuhusu uwezo wa kifaa. Si ajabu, basi, swichi kuukuu ikajikuta imeshika usukani.

Sasa tumwite nani msimamizi huyu? Katika maelezo ya Catalyst 3750 aliitwa kwa Kiingereza "master". Mfasiri mwenye haraka atafungua kamusi na kuandika "bwana". Hapo ndipo atakapokosea. Bwana hudai mtumwa, ilhali rundo halina mtumwa. Kila swichi hupitisha data ya milango yake yenyewe, ikitumia nakala za majedwali inazopewa. Msimamizi akizimika, wenzake hawazimiki naye, bali humpata mwingine. Isitoshe, katika miundo ya baadaye kama Catalyst 3850, waundaji wenyewe waliliacha neno hilo, wakawa wanatofautisha swichi iliyo kazini na ile inayokaa tayari kupokea zamu.

Napendekeza tumwite nahodha, na anayengoja zamu tumwite nahodha wa akiba. Nahodha ni mmoja wa mabaharia. Yumo chomboni pamoja nao. Hang'olewi usukani katikati ya safari kwa sababu tu amepanda mwenye cheo zaidi. Vivyo hivyo, swichi yenye kipaumbele kikubwa ikiongezwa rundo likiwa kazini, haimwondoi nahodha aliyepo. Husubiri uchaguzi ujao.

Wapo watakaosema kwamba "kiongozi" latosha. Silikatai, ila nahodha huja na onyo lake. Nyaya za rundo zikikatika pahali pawili, rundo hugawanyika mapande mawili. Kila pande huwa na msimamizi wake, na yote mawili huweza kudai anwani ileile ya mtandao. Hapo mawasiliano huvurugika. Wahenga walikwisha kutuonya: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Istilahi iliyochaguliwa vyema humfunza msomaji hata kabla ya kusoma fasili yake.

Huenda wengine wakapata neno bora kuliko langu, nami nitalipokea kwa furaha. Ninachokikataa ni desturi ya kutafsiri jina la kitu tusichopata kukitazama. Tuwaendee mafundi wa mitandao katika vyuo vyetu, tuwaombe watufungulie kabati, tuwaulize maswali, ndipo turudi kwenye kamusi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.