Bei ya Kungoja



Kutakatisha fedha ni kuipa fedha ya uhalifu sura ya halali. Mtu aibaye fedha za korosho, kisha akajenga nyumba kwa jina la shemeji yake, anatakatisha. Sheria ya kuzuia jambo hilo ilitungwa mwaka 2006, nasi hatuna ugomvi na shabaha yake. Fedha ya namna hiyo haiogopi hasara. Hununua shamba kwa bei asiyoifikia mkulima wa Nkowe, na kumfilisi mchuuzi mwaminifu.

Ugomvi wetu ni juu ya dhamana. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachonyima dhamana kwa kosa hili na mengine, kinapingana na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo: kuwazuia watuhumiwa wa makosa mazito ni utaratibu halali wa kuilinda jamii.

Hoja hiyo ina uzito, ila imehesabu hasara ya upande mmoja. Tuseme katibu wa chama cha msingi ameshitakiwa kwa wizi. Wizi peke yake una dhamana. Ukiunganishwa na utakatishaji, hana njia ya kutoka. Mikorosho yake haipuliziwi salfa, ada hailipwi, na upelelezi “haujakamilika”. James Rugemalira, aliyeshitakiwa Juni 2017 katika shauri la Tegeta Escrow, aliachiwa Septemba 2021 baada ya mashtaka dhidi yake kuondolewa. Miaka minne, bila hukumu!

Septemba 2019, sheria ya majadiliano ya kukiri kosa ilipoanza, watuhumiwa 467 wa uhujumu uchumi walitajwa kuwa tayari kurudisha zaidi ya shilingi bilioni 107. Wamo, bila shaka, walioiba kweli. Lakini kungoja kukiwa ghali kuliko kukiri, hata asiye na hatia atakiri. Hazina itaihesabu fedha yake. Kosa litakuwa halikuthibitishwa.

Viongozi wa walei, ndugu wa mshitakiwa wakiwajia, someni nao hati ya mashtaka. Fedha yatajwa kutoka katika kosa gani? Yeye adaiwa kufanya nini ili kuficha chimbuko lake? Kama hati haijibu, wakili aulize hayo mapema, kabla mtu hajatia sahihi ya kukiri.