Mkaa Usiotoa Moshi

Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, nchi nzima ilisikia kishindo, na Serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo. Lilikuwa jambo la haki. Lakini katika majengo hayo hayo iko hatari nyingine isiyo na kishindo, wala moshi, wala harufu. Nayo ni hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, itokayo katika jiko la mkaa lililowekwa chumbani mlango ukiwa umefungwa.

Wananchi wengi huamini kwamba mkaa ukishakolea na moshi ukaisha, hatari nayo imekwisha. Sivyo hata kidogo. Kaa jekundu linalofukuta pasipo hewa ya kutosha ndilo hasa litoalo sumu hiyo, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, akapata kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni malaria. Akimeza dawa na kujilaza katika chumba kile kile, usingizi humchukua moja kwa moja. Dalili ya kuitambua ni kwamba waliomo chumbani huugua pamoja, na wakitoka nje hupata nafuu. Hapo ifunguliwe milango, watolewe, wakimbizwe hospitali wakapewe oksijeni.

Wazee waliojenga nyumba za Kariakoo hawakujua jina la sumu hiyo, lakini walijua mahali pa jiko. Nyumba ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati, na nyuma yake ua. Uani ndiko kulikopikwa. Nyumba hizo zinavunjwa moja baada ya nyingine, na penye ua sasa pana stoo na maduka. Mpangaji hupandisha mkaa ghorofani, akapikia roshani. Masika yakianza, jiko huingizwa ndani na dirisha la kioo likafungwa kwa ajili ya mvua na mbu. Hatumlaumu. Mtungi wa gesi hujazwa kwa fedha za mkupuo, mkaa hununuliwa kwa kopo.

Ndugu zetu wa Visiwani nao wamo. Wafanyabiashara wa Unguja na Pemba hulala Kariakoo wanapokuja kuchukua bidhaa, na sehemu ya mkaa unaopikia Unguja hutoka Bara. Umeme ukikatika, jenereta iliyowekwa ukumbini hutoa sumu ile ile.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Lengo hilo tunaliunga mkono kwa dhati. Lakini 2034 ni mbali kwa mtu atakayelala na jiko usiku wa leo. Halmashauri ya Jiji, inayotoa vibali vya ujenzi, iulize katika kila ramani: jiko litakaa wapi, na hewa yake itatokea wapi? Ukaguzi wa Zimamoto nao usiishie kwenye mitungi ya kuzimia moto. Na mabalozi wa nyumba kumi wapite mlango kwa mlango kabla ya masika, waeleze mambo mawili tu: jiko la mkaa lisilale chumbani, na jenereta isiwashwe ndani.