Chamchela ni ya Mungu, Deni ni la Wanadamu

Ndugu wavuvi, makuli wa bandari na wafanyakazi wote wa mwambao,

Sisi tuliozaliwa baina ya Kisimayu na Kiamboni tumelelewa na pepo mbili, kusi na kaskazi. Wazee wetu wa Chovai, Chula na Koyama walitufundisha kwamba kusi hufunga bahari na kaskazi huifungua. Lakini zipo siku za tanga mbili, upepo mmoja umekwisha na mwingine haujashika. Ni katika siku hizo tulipopatwa na chamchela.

Ilikuwa alasiri. Bahari ilikuwa shwari mno, joto limekaza, na wingu jeusi limesimama nje ya kisiwa. Tukaona wingu lile linashusha kitu mfano wa mkonga wa ndovu. Ulipogusa maji, maji yakaanza kuzunguka na kupanda. Chamchela ile ikaja pwani, ikapita baina ya nyumba zetu na ufuko, ikang'oa makuti ya mapaa, ikapindua ngalawa moja mchangani, ikachukua nyavu zilizoanikwa, kisha ikafia nchi kavu. Muda wake haukutosha kuchemsha chai. Tulipoinuka tulihesabu watoto kwanza, halafu vyombo. Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu.

Yaliyofuata ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu. Hata makuti hatujarudisha, tajiri mwenye nyavu alikuja na daftari lake. Nyavu zile alitukopesha kwa sharti kwamba samaki na kamba wote tumwuzie yeye, kwa bei aipendayo. Akaandika thamani nzima ya nyavu zilizopotea juu ya deni la zamani. Tulipomwuliza kosa la mvuvi ni lipi, alijibu kwamba mali ni mali. Basi chombo kikipata, faida ni ya tajiri. Kikipatwa na dhoruba, hasara ni ya mvuvi. Huo si unyonyaji ni nini?

Wapo watakaosema kwamba mambo kama haya hutokea mara moja katika maisha. Sivyo. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yaliyoanzia Indonesia yalivuka bahari yote na kupiga pwani ya Somalia. Hafun ndiko kulikoumia zaidi, na karibu watu 300 walikufa nchini. Mawimbi yale yalisafiri saa kama saba kabla ya kutufikia, na katika saa hizo zote mvuvi hakupewa habari. Tarehe 22 Novemba 2020 kimbunga Gati, kikali kuliko vyote vilivyowahi kupimwa Somalia, kilitua karibu na Hafun hiyo hiyo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, Tanzania.

Ni kweli kwamba vimbunga vikubwa havikaribii ikweta, nasi wa Kisimayu tuko karibu nayo kabisa. Lakini chamchela haijali ikweta. Inataka maji ya moto, wingu zito na pepo zinazogongana, na hayo tunayo kila mwaka. Tena baharini si ukubwa wa upepo peke yake unaoua. Kunaua pia kukosa habari na kukosa jaketi la kujiokolea.

Haki tunazodai si ndoto. Mkataba namba 188 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2007 na kuanza kutumika mwaka 2017, unahusu kazi ya uvuvi. Unataka mvuvi awe na mapatano ya kazi yaliyoandikwa, usalama chomboni, na ulinzi anapoumia au kufa kazini.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, hasara ya dhoruba isiandikwe juu ya mvuvi peke yake. Mwenye chombo naye abebe sehemu yake. Pili, kila chombo kiwe na majaketi ya kutosha watu wote waliomo. Tatu, habari za hali ya hewa zitangazwe kila alfajiri kwa lugha tunayoisikia, mpaka visiwani.

Hatuna budi pia kujikosoa. Mara ngapi tumemcheka kijana aliyekataa kutweka tanga kwa kuogopa wingu? Mara ngapi tumeambiwa tuchange mfuko wa maafa, kila mmoja akasema kesho? Vita vya mwaka 1991 vilitutawanya mpaka Mombasa. Wengi walirudi mikono mitupu, ndipo wakaingia katika daftari la tajiri. Hatutatoka humo mmoja mmoja. Tuanze na mchango mdogo kila tunapouza, uandikwe mbele ya watu na usomwe mbele ya watu, ili chamchela ijayo itukute tuna nyavu zetu wenyewe.

Upepo hatuwezi kuuzuia. Daftari tunaweza.

Umoja ni nguvu!