Sindano Isiyo na Dawa: Migori na Homa Bay Ziipokee Vipi?

Sindano inayozungumziwa hapa haina dawa, wala haina tundu la kupitishia dawa. Ni uzi wa chuma wenye unene wa robo ya milimita hivi au pungufu. Mtaalamu wa fiziotherapia huupapasa msuli mpaka vidole vikutane na fundo, ile sehemu ngumu kama punje ya njugu ambayo ikibonyezwa mgonjwa hushtuka na kusema ni hapo hapo. Hulibana fundo kati ya vidole, huidunga sindano ikapenya ngozi, kisha huisukuma taratibu na kuirudisha kidogo, mara kadhaa. Mara nyingi msuli huruka wenyewe, mruko mmoja mfupi asioweza mgonjwa kuuzuia, na baada ya hapo sehemu ile huuma kwa siku moja au mbili kabla ya kulegea. Tiba hii ndiyo sindano kavu. Katika kliniki za binafsi za Nairobi imeshazoeleka, hasa kwa wanamichezo na wanaoshinda mbele ya kompyuta. Swali la umma ni kama hospitali za kaunti za Migori na Homa Bay nazo ziwape wagonjwa wao huduma hii. Naamini ziwape, lakini pesa za kwanza ziende kumwajiri na kumfunza atakayeishika sindano. Kaunti isiyokuwa tayari kwa hilo ni heri iiache kabisa.

Mahitaji yapo, na chanzo chake ni kazi. Mkata miwa wa Awendo, mji uliokua pamoja na kiwanda cha sukari cha Sony tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, huinama hadi kwenye shina kwa kuwa sukari nyingi iko chini. Hukata kwa panga, hunyanyuka kuondoa kilele, huutupa muwa kwenye safu, huinama tena. Malipo yake hufuata uzito wa alichokata, hivyo kila anapopumzika anapoteza. Mvuvi wa omena wa Sori, Muhuru Bay au Mbita hukesha ndani ya mashua inayoyumba akivuta wavu kwa mikono. Kule Macalder, wachimbaji dhahabu hupandisha mawe kutoka mashimoni, na wanawake huyaponda na kuosha mchanga wakiwa wamechutama. Mgongo ukikaza au bega likikataa kuinuka, wengi huishia kwenye duka la dawa: vidonge vya diklofenaki, au kudungwa dawa hiyo hiyo. Diklofenaki ina kazi yake. Ila ikinywewa mwezi baada ya mwezi huchubua tumbo na kuumiza figo, na sindano ya matakoni ikikosewa mahali yaweza kujeruhi neva kubwa ya mguu na kumwacha mtu akiburuta wayo. Kwa hiyo anayepima sindano kavu katika kaunti hizi hailinganishi na kutotibiwa, bali na dawa za maumivu zinazomezwa bila kikomo.

Ushahidi unasemaje? Mwaka 1979 daktari Karel Lewit wa Prague aliandika kwamba sindano anazodunga kwenye mafundo ya misuli hupunguza maumivu hata pasipo dawa yoyote, na kwamba kinacholeta nafuu ni mchomo wenyewe kupiga mahali penyewe. Miaka minne baadaye Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Rais Kennedy, pamoja na David Simons, walichapisha kitabu kikubwa kilichochora ramani ya mafundo hayo katika nusu ya juu ya mwili. Tangu hapo tafiti zimekuwa nyingi, ingawa nyingi kati yake ni ndogo. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikusanya majaribio 13 na kukuta kwamba sindano kavu inayofanywa na wataalamu wa fiziotherapia hupunguza maumivu kuliko kutotibiwa au kudungwa sindano ya bandia, na nafuu hiyo huonekana hadi wiki 12. Lakini katika uwezo wa mtu kufanya kazi zake haikuzishinda tiba nyingine za fiziotherapia, na ubora wa ushahidi ulikuwa kati ya duni sana na wastani. Mgonjwa anaweza kupata miezi mitatu ya unafuu. Jambo la kuuliza ni atafanya nini ndani ya miezi hiyo.

Hata taasisi kubwa zimeyumba. NICE, chombo kinachoishauri huduma ya afya ya Uingereza, mwaka 2016 kilisema tiba ya sindano ya Kichina isitolewe kwa maumivu ya chini ya mgongo. Mwaka 2021 chombo hicho hicho, kikishughulikia maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine, kiliruhusu tiba hiyo pamoja na sindano kavu, kwa sharti kwamba zisizidi saa 5 za muda wa mtaalamu na zitolewe katika huduma za mitaani kwa gharama ndogo. Wapo wanaoona hapo mkanganyiko mtupu. Mimi naona funzo linalotufaa: maumivu ni ya aina nyingi, na hata pale sindano inapokubaliwa huwekewa kipimo, kwa sababu saa ya mtaalamu ndiyo ghali kuliko chuma. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya chini ya mgongo, limezikubali tiba za sindano, zikiwemo kavu, kwa tahadhari na kwa kukiri kwamba ushahidi ni dhaifu. Mwongozo huo huo unashauri kwamba mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, mawimbi ya sauti na mitetemo ya umeme visiwe tiba ya kawaida. Kaunti yenye fedha chache isome mistari hiyo kabla ya kusaini zabuni ya mashine.

Mpinzani wa kwanza atasema hii ni tiba ya imani tu. Hoja yake ina uzito. Mwaka 2015 mtafiti Quintner na wenzake waliishambulia nadharia yote ya mafundo ya misuli, wakisema haijathibitishwa, na tafiti zimeonyesha kwamba wataalamu wawili wakipapasa mgongo mmoja mara nyingi hawakubaliani fundo liko wapi. Nakubali kwamba hatujui vizuri kinachotokea chini ya ngozi. Lakini kutojua namna tiba inavyofanya kazi hakufuti kipimo cha kwamba maumivu yalipungua zaidi ya kwa waliodungwa sindano ya bandia. Kinachofutika ni haki ya kutangaza miujiza. Na hapa neno lenyewe lina hatari zake. Mtu aliyezoea kudungwa kwenye duka la dawa akisikia "sindano" huamini kuna kitu kimeingizwa mwilini. Asipoelezwa, kwa Dholuo au Kikuria ikibidi, kwamba hakuna dawa iliyoingia, na kwamba kazi kubwa ni mazoezi atakayoyafanya nyumbani, basi amenyimwa ridhaa ya kweli. Atarudi wiki ijayo kuomba nyingine kama alivyoomba diklofenaki, na tutakuwa tumebadilisha utegemezi mmoja kwa mwingine.

Hofu kubwa zaidi ni ya usalama, na katika kaunti hizi hofu hiyo ina historia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wakiishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote nchini, na Migori ilikuwa na asilimia 13. Hakuna anayeweza kuzungumzia sindano hapa kana kwamba yuko Dublin. Hata hivyo takwimu za Dublin na kwingineko zinasaidia. Nchini Ireland, wataalamu 39 waliorekodi matibabu 7,629 waliona michubuko, damu kidogo na maumivu katika karibu tiba moja kati ya tano, lakini hapakuwa na madhara makubwa hata mara moja. Utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2020, wenye vipindi 20,464, ulipata madhara makubwa 20. Hiyo ni chini ya moja kwa elfu, na hatari ya pafu kunywea baada ya sindano kupenya kifuani hutegemea sana kama mdungaji anajua mbavu zinapita wapi chini ya kidole chake. Kuhusu virusi, sindano isiyo na tundu hubeba damu kidogo kuliko yenye tundu, na ikiwa ya kutumiwa mara moja, ikahesabiwa inapoingia na inapotoka, kisha ikatupwa ndani ya sanduku la usalama, hatari hushuka sana. Ni nidhamu ile ile inayofuatwa kwenye vyumba vya chanjo kila siku. Ikikosekana, hata mfanyakazi anayekunja shuka yumo hatarini, kwa sababu uzi mwembamba hivi hupotea kirahisi kwenye kitambaa.

Lipo jambo ambalo wanaoipigia debe tiba hii hulitaja kwa nadra, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Si kila mgongo unaouma umekazwa na kazi. Katika eneo lenye kifua kikuu kingi, maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaovunja pingili na kupooza miguu. Ukanda wa ziwa pia una watu wengi wenye selimundu, ambao viungo na mgongo huwauma vikali damu inapokwama katika mishipa midogo. Ukimdunga mtu wa namna hii sindano kavu, akapata nafuu ya siku tatu, umemchelewesha kufika maabara. Anayeishika sindano lazima kwanza ajue kuuliza, kupima, na kusema "hapa sidungi".

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba, kwa kuwa wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, kozi ya wikendi itolewe kwa yeyote mwenye koti jeupe. Kenya ina Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014, iliyounda baraza la kuwasajili na kusimamia taaluma. Afya ilipogatuliwa mwaka 2013, ajira na hospitali zikawa za kaunti. Hivyo kila upande una kazi yake: baraza liandike wazi mafunzo gani, ya saa ngapi na chini ya usimamizi wa nani, humpa mtu ruhusa ya kudunga, na ni sehemu zipi za mwili, hasa juu ya kifua, zinazohitaji ngazi ya pili ya mafunzo. Kaunti nazo ziajiri. Atakayesema masharti haya yatamnyima huduma mtu wa Nyatike au Ndhiwa ana uchungu wa haki, lakini mtu huyo hatanyimwa tiba. Mazoezi, kukandwa, ushauri wa namna ya kuinua mzigo na kupumzisha bega havihitaji sindano, na mapitio yale ya 2017 yanaonyesha kwamba katika uwezo wa mtu kufanya kazi zake tiba nyingine za fiziotherapia hazikuachwa nyuma.

Ningeanza na hospitali mbili za rufaa, mjini Migori na mjini Homa Bay, kwa mwaka mmoja. Kila mgonjwa achunguzwe kabla ya kudungwa, apewe vipindi visivyozidi idadi iliyoandikwa, na kila kipindi kifuatwe na mazoezi yaliyochaguliwa kwa kazi yake: ya kiuno kwa mkata miwa, ya bega kwa mvuta wavu. Michubuko, kuzimia na sindano zilizopotea viingizwe kwenye daftari moja. Baada ya wiki 12 mgonjwa apigiwe simu aulizwe maswali matatu: amekosa siku ngapi za kazi, amemeza vidonge vingapi vya maumivu wiki hiyo, na bado anafanya mazoezi aliyofundishwa?