Mto Ukijaa, Mtoto Aende Shule?



Mvua za Kigoma unazijua. Huanza Oktoba au Novemba, zikaendelea mpaka Aprili, na mara nyingine hata Mei. Shule nazo hufunguliwa Januari, wakati mvua bado zipo. Kwa hiyo mtoto wa mwambao wa Ziwa Tanganyika husoma sehemu kubwa ya mwaka katika tope.

Katika nchi za baridi kama Marekani, theluji huanguka ikafunika barabara. Asubuhi mapema hutangazwa redioni kwamba shule zitachelewa kufunguliwa, au siku hiyo hakuna shule kabisa. Kila mzazi anajua la kufanya. Sisi hatuna theluji. Tuna mito. Na mto wa kijiji chako ukijaa saa 12 asubuhi, hakuna redio itakayoutangaza. Je, nani anaamua mtoto avuke au asivuke? Mara nyingi anaamua mtoto mwenyewe. Ana miaka 8, amesimama ukingoni, daftari ameliweka kichwani ili lisilowe.

Itazame mito yetu. Kutoka Kibirizi mpaka Mwamgongo na Kagunga, milima imesimama karibu kabisa na ziwa. Mito hiyo ni mifupi nayo hushuka kwa kasi. Mvua ikinyesha mlimani, maji hufika chini baada ya muda mfupi tu. Huku ufukweni huenda jua linawaka na dagaa wameanikwa. Ukiona maji safi yamegeuka kuwa ya tope, au yanaleta majani na vijiti, au ukisikia ngurumo ya maji kutoka juu, toka mtoni mara moja. Maji yaendayo mbio, yakifika magotini tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mtoto je?

Lakini mto mfupi hupungua upesi kama ulivyojaa. Mvua ikikatika alfajiri, huenda saa 4 mtu mzima akaweza kumvusha mtoto bila hatari. Mtoto huyo atakosa masomo ya kwanza, lakini atapata yaliyobaki. Mtoto aliyebaki nyumbani kutwa atakosa yote. Hebu tufanye hesabu. Akikosa siku 1 kila wiki kwa wiki 20 za mvua, amekosa siku 20. Hizo ni wiki 4 nzima za masomo.

Kwa hiyo kuchelewa ni afadhali kuliko kukosa. Walimu nao walijue jambo hili. Mwalimu anayemchapa fimbo mtoto aliyesubiri mto upungue, anamfundisha kesho avuke mto umejaa.

Na wazazi tuseme kweli. Kuna siku mto haukujaa, bali kuna mawingu na mtu wa kuanua dagaa anatakiwa. Mtoto anabakizwa nyumbani, kisha tunasema ni mvua. Huo si mto. Mwalimu akigundua mara mbili tatu, hatatuamini siku mto utakapojaa kweli.

Luiche na Malagarasi ni mambo mengine. Hiyo ni mito mikubwa yenye maji ya kutoka mbali. Ikijaa, hukaa hivyo kwa siku nyingi na kufunika mbuga za kando yake. Hapo kusubiri mpaka saa 4 hakusaidii. Kama una shangazi au ndugu anayeishi upande wa shule, zungumza naye mapema ili mtoto alale kwake wiki zile za maji mengi. Mpe na unga wa kutosha, usimwachie mzigo.

Ziwa lenyewe hupanda polepole, lakini halishuki kesho. Maji yake hutoka kwa njia mbili tu. Mengi hukauka kwa jua, na mengine hupita katika mto Lukuga, kule Kalemie nchini Kongo. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa, ziwa hupanda. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876, alikuta maji yako juu kuliko alivyoyaacha mwaka 1871. Wazee wanaukumbuka mwaka 1964. Na kati ya 2020 na 2024 sote tuliona maji yakiingia katika nyumba za ufukweni, Kigoma na Ujiji. Shule iliyofikiwa na ziwa isisubiri lifike darasani. Tazameni choo kwanza. Shimo la choo likijaa maji, uchafu hutoka na kuingia ziwani, na ziwani ndiko tunakochota. Mwezi Mei 2015, kipindupindu kilienea Kagunga watu walipokuwa wengi na vyoo vichache. Choo kikizama, shule ifungwe au ihamie kwingine, hata kama madarasa ni makavu.

Kufunga shule kwa sababu ya maji si aibu. Mwaka 2024, Kenya ilipopatwa na mafuriko, shule zilizotakiwa kufunguliwa Aprili 29 zilifunguliwa Mei 13. Mwaka huohuo mwezi Aprili, huko Arusha, gari la shule lilisombwa na maji na watoto wakafa.

Radi nayo isisahauliwe. Januari 2025, katika wilaya ya Bukombe mkoani Geita, radi iliua wanafunzi 7 wa shule ya sekondari Businda. Ngurumo zikiwa karibu, usimtume mtoto njiani wala usimwache asimame chini ya mwembe. Asubiri ndani, mbali na madirisha.

Sasa nani aamue? Jambo hili lipelekwe kwenye mkutano wa kijiji mwezi Agosti au Septemba, kabla ya mvua. Kila kivuko kipate mtu mzima mmoja anayekaa karibu, ambaye neno lake litafuatwa na wazazi na mwalimu mkuu pia. Yeye ataandika majina ya watoto waliosubiri, wasihesabiwe kuwa watoro. Ukingoni chimbieni mti imara, mpake rangi nyekundu chini ya usawa wa goti la mtoto wa darasa la kwanza. Maji yakigusa nyekundu, hakuna mtoto anayevuka, hata siku ya mtihani. Yakiwa chini ya nyekundu, mtoto ashikwe mkono na mtu mzima. Mti huo uchimbiwe mto ukiwa mdogo, maana Novemba hakuna atakayeweza kusimama pale kuuchimbia.