Kiluwiluwi Akaukaye Bila Kufa: Somo kwa Watabibu wa Kanda ya Ziwa

Mwenyeji wa Bukima, wilayani Musoma, hahitaji kuelezwa kiangazi ni nini. Mvua inyeshapo, vidimbwi hujaa juu ya miamba. Jua likiwaka siku chache, husalia tope lililopasuka. Tumezoea kudhani kwamba kila kilichokuwa hai humo kimekwisha. Maoni yangu ni kwamba tabibu anapaswa kulitazama tope hilo mara ya pili.

Katika vidimbwi vya namna hiyo, huko Nigeria na Uganda, huishi kiluwiluwi wa Polypedilum vanderplanki, ndugu wa wadudu wasiouma watandao kama moshi juu ya Ziwa Viktoria. Jina lake linamkumbuka Vanderplank, mtafiti aliyewahi kushughulikia mbung'o hapa Tanganyika. Maji yakikauka, kiluwiluwi huyu hukauka nayo, akabakiwa na takriban asilimia 3 tu ya maji mwilini. Hukaa hivyo kwa miaka, na akipata maji huanza tena kujongea baada ya saa moja hivi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kiluwiluwi akikaushwa ghafla hufa. Akikaushwa polepole, kwa muda wa siku 2 hivi, huokoka. Muda huo ni wa maandalizi. Jeni zilizokuwa kimya huamshwa, na mmoja wa waamshaji ni protini iitwayo HSF1. Hata seli za binadamu zinayo, nazo huitumia kujikinga na mshtuko wa joto. Kwa mdudu huyu, kama utafiti wa mwaka 2018 ulivyoonyesha, protini hiyo imeongezewa kazi ya kuziwasha jeni za kukabili ukavu. Ndipo seli hujaa sukari ya trehalosi, ambayo hushika nafasi ya maji na kuganda kama kioo. Protini za kundi la LEA huzuia nyingine zisigandamane. Na nyenzo za kukarabati DNA huwekwa tayari.

Seli za mdudu huyu zilizooteshwa maabara, ziitwazo Pv11, zikilowekwa kwanza katika trehalosi, huweza kukaushwa, kurudishiwa maji na kugawanyika tena. Ndani ya seli hizo kavu, kimeng'enya dhaifu kimehifadhiwa zaidi ya mwaka mmoja katika joto la kawaida la chumba.

Jambo hili linatuhusu. Chanjo zetu nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na umeme ukikatika katika zahanati ya kando ya ziwa, muuguzi huhesabu saa kwa hofu. Siahidi kwamba kesho tutahifadhi damu kama dagaa waliokaushwa juani. Seli zetu hazina jeni zote za mdudu huyu, na njia ni ndefu. Hata hivyo, si haki kiumbe wa miamba ya Afrika asomwe zaidi Japani na Urusi kuliko kwetu.

Mwaka 2017 spishi nyingine yenye uwezo huo, Polypedilum pembai, ilitangazwa kutoka Malawi. Ilipatikana kwa sababu kuna waliokwenda kuitafuta. Basi vyuo vyetu vya tiba viwatume wanafunzi Bukima, Bunda na Butiama wakati wa kiangazi, wakusanye tope la vidimbwi vya miambani, walirudishie maji maabara, wakae wakitazama.