Hita Inapozimika Usiku



Mwezi wa saba hapa Moshono hauna mchezo. Ukungu unashuka kutoka Meru, jua linachelewa, na sakafu ya simenti inauma miguu hata ukiwa na soksi. Wenzetu wa nchi za baridi hulaza nyaya za umeme chini ya sakafu, wakatembea peku ndani ya nyumba. Sisi tuna hita ndogo ya kuweka chini, na wengi tumeinunua mtumba.

Yangu niliinunua hivyohivyo miaka miwili iliyopita, mama mkwe alipokuja kukaa nasi. Ni ya wati 2,000. Niliiweka chumbani kwake, nikaiunganisha kwa ekstensheni iliyoviringwa chini ya zulia ili mtoto asijikwae. Pasi nayo ilichomekwa hapohapo. Ikawa kila usiku hita inazimika yenyewe, kisha inawaka tena. Harufu ya plastiki niliisikia, nikasema nitaangalia kesho. Mama mkwe hakutaka kunisumbua. Usiku mmoja aliingiza jiko lililobaki na makaa, akafunga dirisha, akalala na mjukuu wake.

Asubuhi wote wawili vichwa vinawauma, mtoto anatapika. Mimi, muuguzi wa miaka mingi, nikafikiri malaria! Kilichonishtua ni kwamba hawakuwa na homa, na mtoto alipotolewa nje akaanza kuchangamka. Ndipo nikaliona jiko kando ya kitanda.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo usijidanganye kwamba makaa yakiacha kutoa moshi yamekuwa salama. Hewa hiyo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu huishiwa akiwa usingizini. Mama akiwa mjamzito, mtoto aliye tumboni naye huumia. Mtoe mgonjwa nje upesi, fungua milango, mpeleke hospitali akapewe oksijeni. Tena mweleze daktari habari ya jiko, maana kile kipimo cha kubana kidole kinaweza kuonyesha oksijeni inatosha kumbe sivyo. Wa kwetu walipewa oksijeni, wakapona. Lakini bado nikikumbuka naona aibu.

Fundi alipokuja hakuigusa hita kwanza. Aliiwasha dakika kumi, akaizima, akashika plagi. Ilikuwa ya moto, na pembeni imeanza kuwa nyeusi. Alipozima swichi kubwa na kufungua soketi ya ukutani, akakuta waya umelegea na umeungua. Akanieleza kwamba wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 ni karibu ampea 9, na pasi ya wati 1,200 inaongeza 5, wakati plagi zetu ni za ampea 13. Waya ukiwa umeviringwa chini ya zulia hauwezi kupoa, na pale ulipolegea ndipo joto linapozidi. Hita ichomekwe ukutani, peke yake.

Kama plagi haina joto kali na hita bado inazimika, tazama hita yenyewe. Nyingi zina kinga ndani inayokata umeme hewa ikizibwa na vumbi au nguo. (Nani kati yetu hajaanika nepi juu ya hita wakati wa ukungu?) Chomoa plagi, iache ipoe, futa vumbi, ondoa nguo. Lakini swichi kubwa ikianguka kila unapoiwasha, au ukiigusa hita ikakutekenya mkono, umeme unavuja. Usiilazimishe. Zima umeme kwenye swichi kubwa, ndipo uchomoe hita, kisha umngoje fundi mwenye leseni ya EWURA. Baba watoto na utepe wake mweusi wapumzike.

Kwa upande wa LUKU, hita ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima bila kukata inakula yuniti 2. Kwetu tunapasha chumba kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, tunazima, tunachomoa. Baada ya hapo ni blanketi, na chupa ya maji ya moto yasiyochemka, imefungwa kwa taulo, miguuni.

Siku hizi Bibi mwenyewe ndiye anayekagua plagi kabla ya kulala. Jiko linalala nje, na ufunguo wa mlango wa jikoni anao yeye.